Shingo ya Cheko

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwako na majirani wa saluni. Huku tunapumua kwa rehema za Mungu, ila moyoni nina donge.

Umemfanya nini mwanangu? Tangu Cheko arudi kutoka kwako hakamatiki. Nikishika kitana tu, analia, "Mama mdogo! Mama mdogo!" kana kwamba mimi ni mama wa kambo. Kichwa kakilaza upande, kanuna. Vikombe anaviangusha. Nikimwita, anakuja akiburuta miguu. Miaka kumi na minne, na kitandani kaanza kukojoa upya! Umemdekeza. Nizae mimi, upendwe wewe?

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na kazi ya cherehani.

Nilicheka, kisha nikaacha. Kwangu Cheko alipanda ngazi mbio, na godoro lilikuwa kavu. Huo si udeko. Mteja wangu ana mtoto aliyezaliwa na hali ya Down kama wetu. Hospitali aliambiwa viungo vya watoto hawa hulegea, na mifupa miwili ya juu shingoni ikisogea hubana uti wa mgongo. Dalili ni hizohizo ulizoniandikia. Usimvute kichwa, dada. Mpeleke leo apigwe picha ya shingo.

Mdogo wako


10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata. Udaktari wa saluni baki nao. Nimemuogesha miaka yote hii, leo shingo yake unaijua wewe? Na si "wetu". Ni wangu.

Dada yako


28 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimuje. Juzi Cheko alishindwa kusimama. Picha imeonyesha yaleyale uliyosema. Atapasuliwa Jumatatu, daktari hajaahidi kwamba miguu itarudi. Mpaka hapo shingo isitikisike, hata akiwa na mkanda wa shingoni waliomfunga.

Lakini akiniona tu, anajirusha nimbebe. Siku zote nilitaka anililie mimi. Sasa ananililia mimi, na ndiyo hatari yenyewe. Nesi akaniambia, "Mama, ukiwepo hatulii. Nani humtuliza?" Mungu ananiona, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa wivu, mtoto akiwa vile.

Kisha nikakutaja. Wodini wanaruhusu mtu mmoja tu. Wamefuta jina langu, wameandika lako.

Njoo. Wivu haujanitoka, lakini njoo. Mimi nitakaa kwenye korido, mahali asiponiona.

Dada yako