Miti Yenye Mafundo ya Nyasi

Jumatatu, 27 Oktoba
Miezi kumi na minne tangu nitoke nyumbani, Mwene-Ditu kule Kasai. Tumefungua tanuru la makaa asubuhi. Makaa mazuri, yanalia kama vigae. Mwenzangu Mutombo ameungua kiganja. Chakula ni bukari, ugali wa huku, na chumvi tu. Mboga hatujaona tangu Alhamisi.

Darasa la tano, kabla baba hajanitoa shule, mwalimu alichora mti ubaoni. Alisema mti unakula jua kwa majani. Kama ni kweli, basi tunachojaza kwenye magunia ni jua la miaka mingi. Mjini Likasi wanalimaliza chini ya sufuria kwa wiki moja. Sisi tunabaki na majivu puani.

Jumatano, 29 Oktoba
Mvua ya kwanza. Mama Mwansa wa kijijini ametuletea muhogo. Anasema mwezi wa kumi na mbili vinkubala vitajaa mitini, wale viwavi wanaokaushwa juani na kuliwa. Nikimsaidia kuokota, gunia moja langu. Nusu nitauza, nipate tiketi ya treni. Nusu mke wangu Ngalula atawapikia watoto. Nitafika kabla ya Noeli. Naandika hivi ili niamini.

Jumanne, 4 Novemba
Patroni anayetulipa amepita na pikipiki. Hakuzima hata mota. Anataka matanuru mawili kabla njia haijawa matope. "Niliisha kuweka alama kwa miti. Mutu asiniambie hakuona." Akaenda.

Alama zake huwa za panga. Tumetafuta, hakuna. Tumekuta miti mirefu ya mitondo imefungwa nyasi kiunoni, fundo moja kila mti, kwa mpangilio. Mutombo akasema patroni amechoka kupiga panga. Nikacheka. Nimeanza na ule wa kando ya kichuguu, mnene kuliko yote. Ulipoanguka niliona vitu kama shanga vimeganda chini ya majani. Nikajipangusa mikono kwenye suruali.

Ijumaa, 7 Novemba
Miti kumi na saba chini. Mgongo umekufa.

Jumapili, 9 Novemba
Mama Mwansa amekuja akitoka kusali. Alipita kwenye visiki kimoja kimoja.

"Mulitema miti yenye mafundo?"

Mutombo akatania: "Mama, patroni ndiye aliivalisha mukaba ya kiuno."

Hakucheka. "Patroni gani? Ile nyasi ni siye tulifunga. Kila nyumba iko na muti yake. Mayai ya vinkubala ilikuwa kule juu. Weye Mukasai, chakula ya mwezi ya kumi na mbili umeikula na shoka."

Kisha akanigeukia mimi, sauti chini. "Na yako nilikufungia. Ile ya pembeni ya kichuguu."

 

Jumatatu, 10 Novemba
Tumeziona alama za patroni. Za panga, kama siku zote. Ng'ambo ya kijito.

Jumamosi, 22 Novemba
Unga umekwisha juzi. Uyoga kidogo chini ya magogo yaliyooza. Hata uyoga una cha kula.

Mwalimu alisema jua linakwenda kwa jani, jani kwa kiwavi, kiwavi kwa mtu, na kila hatua nguvu nyingi inapotea njiani. Ndiyo maana majani ni mengi na wanaoshiba ni wachache. Hakutuambia mtu akikata ile hatua ya kwanza inakuwaje. Nimeikata mimi. Nimekikatia kijiji kizima. Na watoto wangu, ambao hawajawahi kuuona msitu huu.

Jumanne, 2 Desemba
Mutombo ameondoka kwenda kuchimba mawe ya madini. Hakuniaga. Simlaumu.  Mti wa jana nimeukata siku nzima.

Jumapili, 21 Desemba
Wanawake wamepita na ndoo. Wanakwenda mbali siku hizi kuokota vinkubala, wanarudi na ndoo nusu. Wengine hawanisalimu. Mama Mwansa alisimama, akanipa konzi moja ya vinkubala. Nimekula kimoja kimoja. Vina mafuta.

Kisiki cha kando ya kichuguu kimetoa machipukizi, mekundu bado. Nimeyafunga nyasi, fundo moja. Mama Mwansa akanitazama. Nikamwuliza ni miaka mingapi mpaka vipepeo warudi kutaga. Akahesabu vidole vya mkono mmoja, akaanza mkono wa pili, akaacha.

Noeli ni Alhamisi. Machipukizi yananifika kwenye kifundo cha mguu. Nitarudi nyumbani yakinipita kichwa.