Mlango Usiofunguka

Mdogo wangu,

Mama hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua. Bomba la jikoni bado linavuja, na fundi bado anasema kesho.

Sasa tuje kwako. Ile ramani ya gemu niliyoijenga miezi minane, yenye nyumba yetu ndani, mchezaji akitembea chumba hadi chumba, umeichukua, umeibadilisha, umeirusha mtandaoni. Kuniuliza kungekutoa jasho? Adabu ya watengeneza ramani unaijua: unaomba ruhusa, unaacha jina la mwenyewe, toleo lako unalipatia jina lingine. Wewe hata jina langu umelifuta! Mimi niliyekufundisha kusimamisha ukuta wa kwanza. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Halafu unajigamba, “Nimerekebisha kasoro, mlango wa mwisho ukumbini sasa unafunguka,” na ndani umejaza mazimwi ya kupigwa risasi.

Haikuwa kasoro. Kile ni chumba cha baba. Mama alikifunga siku ileile tuliyotoka kumzika, na hadi leo hakijafunguliwa. Ungekuja mazishini, ungejua.

Ufunge huo mlango.

Dada yako