Malisho ya Bondeni: Kikao cha Kupima Udongo Mara ya Pili

KAMATI YA MALISHO, CHAMA CHA WAFUGAJI

Tarehe: Jumamosi, 14 Novemba
Mahali: Chumba cha dawa za mifugo, kando ya josho
Waliohudhuria: Mwenyekiti; Mama Maziwa, mjumbe; Babu Kengele, mjumbe (huitwa hivyo kwa kuwa kila ng'ombe wake huvaa kengele); Katibu, mwandishi
Mwalikwa: Mpimaji wa udongo, binti wa dada yake Mwenyekiti
Asiyehudhuria: Mjumbe wa kisimani. Hakutoa udhuru. Amehama na mifugo yake.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:20 asubuhi. Alisema hana maneno mengi, na kweli hakuwa nayo.

KUMB. NA. 2/11: KUMBUKUMBU ZA MWAKA JANA
Katibu alizisoma. Mama Maziwa aliuliza mbona maelezo ya Mpimaji, aliyezungumza karibu saa nzima, yameandikwa kwa sentensi moja tu: "Mpimaji alieleza habari za udongo." Katibu alijibu kwamba siku ile wajumbe walikuwa wakicheka, na yeye pia alicheka, kalamu ikiwa mezani. Alikiri kosa. Kikao kiliridhia maelezo yaingizwe upya kama ifuatavyo:

Mpimaji alikuwa amepima malisho ya bondeni siku tatu baada ya mvua, akisukuma ardhini chuma chenye ncha na saa ya mshale inayopima ugumu wa udongo, mahali arobaini. Alieleza kwamba mshale ukivuka ishirini, mizizi ya nyasi haipenyi. Bondeni ulivuka kabla chuma hakijazama urefu wa kidole. Alisema kwato zimeshindilia udongo, maji ya mvua hayataingia, na malisho yafungwe misimu miwili. Babu Kengele alisema ardhi ya huku ni ngumu tangu azaliwe. Mwenyekiti alisema, "Mwanangu, ng'ombe hawali saa." Hoja ilikataliwa. Aliyeiunga mkono ni Mama Maziwa peke yake.

KUMB. NA. 3/11: YALIYOTOKEA
Mwenyekiti alieleza kwamba mvua ya mwezi wa nne ilinyesha vizuri kuliko ya miaka mitatu iliyopita, lakini maji yalipita bondeni kama yanayopita juu ya bati. Yalibeba udongo wa juu na zizi la Mjumbe wa kisimani, ndama kumi na mmoja wakiwa ndani. Nyasi hazikuota. Babu Kengele alipoteza ng'ombe tisa kwa njaa. Alipoombwa aongeze neno, alisema kengele zao amezitundika ukutani, na nyumbani kumekuwa kimya mno asubuhi.

KUMB. NA. 4/11: KUPIMA UPYA
Wajumbe walikwenda bondeni na Mpimaji. Alikuwa ameichagua siku hiyo, ya tatu baada ya mvua, ili asiambiwe udongo umekauka. Mwenyekiti aliomba asukume chuma mwenyewe. Alijaribu mahali patatu. Mara ya mwisho aliegemea kwa kifua. Mshale ulifika thelathini na moja, chuma kikagoma. Ndani ya uzio wa makaburi, ambamo mifugo haiingii, Mpimaji alikizamisha hadi karibu na mpini kwa mkono mmoja.

Kisha, mahali pote pawili, alisimika kopo lisilo na kitako na kumimina maji. Makaburini yaliisha kwa dakika nne. Bondeni, baada ya dakika arobaini, yalikuwa bado yamesimama na nzi wanakunywa.

Mwenyekiti alisema, "Uliniambia."

Mpimaji alijibu, "Nilikuambia, mjomba."

Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yaandikwe yalivyo.

KUMB. NA. 5/11: KUFUNGA MALISHO
Mwenyekiti aliomba kujiuzulu. Mama Maziwa alisema, "Kuondoka ni rahisi. Wewe baki, uje na jembe." Ombi halikujadiliwa zaidi.

Mpimaji alishauri bonde lizungushiwe miiba, ardhi ikwatuliwe, na vijitaro vichimbwe kukinga maji. Mifugo ihamie mlimani kwa zamu.

Babu Kengele aliuliza itachukua muda gani hadi nyasi zirudi. Mpimaji alisema, "Mwaka jana ingekuwa misimu miwili, babu. Sasa udongo wa juu umeondoka. Miaka minane, labda kumi."

Babu Kengele alisema yeye ana miaka sabini na sita.

Mpimaji alisema anajua.

Mwenyekiti aliita kura. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Babu Kengele. Hoja ilipita kwa kura zote.

KUMB. NA. 6/11: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:45 mchana. Wajumbe walikubaliana kuanza kukata miiba siku hiyo hiyo. Katibu alipokuwa akikusanya karatasi, Babu Kengele alikuwa ameshatoka nje, akiuliza panga liko wapi.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti
Sahihi: ........................ Katibu