Ganda la Pamba Limenichoma

Jumanne

Milembe, mimi si yai! Huyu mke wa mwanangu, tangu nifanyiwe operesheni ya kisogo, hata kufagia ananikataza. Shingo bado ngumu, nikikohoa kichwa kinagonga, na vidole vya kushoto vina ganzi. Juzi nilishika sufuria ya moto bila kujua. Hilo ndilo linanitisha.

Leo nimekaa kuchambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu ya daraja la chini, kule.

"Mayu, mama yangu, acha tu, wanunuzi wa siku hizi wanachanganya zote," Milembe akaniambia akipita.

Wachanganye wao! Pamba yangu haitaniaibisha.

Mara ganda kavu likanichoma kidole. Cha kushoto! Nikapiga yowe, Milembe akaja mbio.

"Umeumia?"

"Nimeumia, Mungu asifiwe!"

Nimecheka mpaka kisogo kikauma.

Kesho aniletee kapu lingine, na asithubutu kuyatoa yale maganda.