Ng'ombe Hali Konokono

Bwenini, Ifakara
Jumamosi jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, karatasi ipo magotini. Mgongo unaendeleaje? Mama ameacha kukohoa? Na yule ndama mwekundu, ameanza kunyonya vizuri? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una hasira, nimeibeba tangu Jumatano.

Kaka Masanja, najua ni wewe unayemsomea baba. Usiruke mstari, hata ule utakaokuchekesha.

Jumatano mwalimu wa baiolojia alitupeleka sisi wa kidato cha tatu kwenye maabara ya mifugo hapa mjini, tukaone kazi anazoweza kufanya mtu aliyesoma somo hili. Baba, sikujua kama ni nyingi hivyo. Kuna dada anashinda akipima damu ya ng'ombe. Mwingine anachunguza vinasaba, yaani ile siri ya ndani ya mwili inayomfanya ndama afanane na mama yake, na huko huko wanatafutia chanjo. Nikajiambia, hapa ndipo ninapotaka kuzeekea.

Mtaalamu aliyetupokea akasema likizo ya Desemba atachukua mwanafunzi mmoja, akae nao wiki tatu ajifunze. Kisha akainua chupa yenye kitu bapa kama jani, akauliza ni nini na ng'ombe anakipataje.

Nilikijua kabla hajaishusha. Ni ile minyoo ya ini uliyonionesha tangu nikiwa mdogo, nakushikia beseni wakati wa kuchinja. Nikasema, kwa sauti yangu hii ya chini, kwamba inatoka kwa konokono wadogo, inajibandika kwenye majani ya majini, na ng'ombe anakula yale majani. Ndiyo maana mafuriko yakipungua hutaki tukimbilie kuchunga penye tope.

Mwalimu akanikatiza. "Kwa Kiingereza, Milembe. Hapa si mnadani."

Darasa likacheka. Na Kiingereza cha maneno hayo ninacho, kimo daftarini kwa wino mwekundu, ila siku ile hakikutoka. Pembeni yangu alisimama Denis, mtoto wa mwenye duka wa mtaa wa Viwanja Sitini, aliyesoma Kiingereza tangu chekechea. Akanyoosha mkono, akayasema maneno yangu yote kwa Kiingereza kizuri, isipokuwa mahali pamoja: akasema ng'ombe wanakula konokono. Wakampigia makofi. Mwalimu akaandika jina lake palepale kwa ile nafasi ya Desemba.

Ng'ombe gani huyo, baba, anayekula konokono?

Kesho yake nikaenda ofisini kwa mwalimu, njia nzima nakariri la kusema. Alinisikiliza, hilo sikatai, halafu akasema, "Aliyejibu ni aliyesikika." Nikaitikia ndiyo mwalimu, na wakati wa kutoka nikampa shikamoo mara ya pili kama mtu aliyechanganyikiwa. Nje nikajichukia kuliko nilivyomchukia yeye. Lakini bado nasema amenionea. Shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili. Tumefika sekondari, Kiswahili hichohicho kimekuwa kosa, na unachokijua hukijui mpaka ukitafsiri. Nyumbani nimelelewa kwamba binti hapazi sauti mbele ya wakubwa. Huku asiyepaza sauti hana kitu kichwani. Nishike lipi?

Kuna jambo inabidi niungame. Likizo iliyopita nilikwambia mimi ni mwenyekiti wa klabu ya baiolojia, na nasikia umelitangaza Malinyi nzima. Si kweli. Mwenyekiti ni Denis. Mimi nafuta ubao na kuosha vyombo vya maabara. Ulikuwa unaniangalia kwa furaha, nikashindwa kukuangusha. Nisamehe.

Kwa kuwa mdomo unanisaliti, nimeandika. Karatasi moja, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, na mchoro wa konokono, jani na ini. Mwishoni nimesema wazi kwamba jibu lile lilikuwa langu, na liliporudiwa liliingizwa kosa. Leo tulipopewa ruhusa ya kwenda sokoni nimeipeleka hadi getini kwa maabara. Mlinzi akaingia nayo, nikasubiri juani. Akarudi na karatasi ileile, nyuma yake mtaalamu ameandika: "Ng'ombe hali konokono, uko sahihi. Nafasi sijaitoa bado. Njoo Jumamosi ijayo saa nne asubuhi unieleze kwa mdomo, kwa lugha yoyote."

"Mbona unatetemeka, binti," mlinzi akaniuliza, "umeitwa mahakamani?"

Baba, Alhamisi mnachinja kwa ajili ya harusi ya kaka Masanja. Naomba unikagulie ini. Chupa ndogo iliyofungwa pamoja na barua hii ina spiriti niliyopewa na fundi wa maabara ya shule. Mwambie mjomba Shija ni sumu, asiinuse. Tia minyoo mitatu, umpe kondakta wa basi la Ijumaa. Ng'ombe akiwa safi, nitafurahi kwa ajili ya wageni na kusikitika kwa ajili yangu. Ila usije kumsemesha mwalimu. Hili nataka kulisema mwenyewe.

Msalimie mama, bibi anayenidai hadithi za mjini, wadogo zangu wachunga ndama, na wifi ajaye ambaye sitamchezea ngoma siku yake.

Jumamosi saa nne, ukiwa malishoni, nikumbuke. Nitakapoulizwa nimejulia wapi, nitaanza na jina lako. Hilo nalitamka bila kutetemeka.

Binti yako,
Milembe