Zamu ya Tunduni

4 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye kucha. Mama anaendeleaje?

Kazi ni ile ile, kuwapikia wataalamu kituoni. Wao wanachunguza wazibuzi, wanyama wa ukubwa wa mbuzi wanaoishi chini ya barafu. Kundi zima linapumulia tundu moja. Mmoja hubaki juu akilikwangua kwa kucha lisigande, siku tatu bila kula, kisha mwenzake humpokea. Nimewapenda, hawana kelele kama wataalamu.

Usijichoshe, dada. Mara moja moja muache mama, ulale.

Mdogo wako

29 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, kwa kusema tu. Mama hageuki kitandani bila mimi. Cherehani imejaa vumbi, wateja wote wamehamia kwa jirani. Miaka minne sasa. Unasema nimuache nilale. Nimuache na nani, na ukuta? Nimechoka mpaka kulia kwenyewe kunanichosha.

Mkataba wako unaisha Agosti. Njoo unipokee, hata mwezi mmoja.

Dada yako

18 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama ana nafuu. Huku wameniomba niongeze mwaka, na kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Jana, nikipeleka chai kwenye hema la wataalamu, nilipita tunduni. Mzibuzi alikuwa pale siku ya tano, mwenzake hajaja, mbavu zinahesabika. Kuwagusa ni marufuku, lakini huruma ilinishinda. Nikagonga sufuria mpaka akatumbukia majini, akatafute chakula. Nikarudi jikoni nikijiona mtu wa maana.

Nilipokwenda kuchukua vikombe, tundu lilikuwa limeziba. Tulivunja kwa shoka, sote. Tukatoa saba wamekufa, na yeye yumo. Mkuu wa kituo hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

Mkataba sijausaini.

Mdogo wako

11 Agosti

Mdogo wangu,

Pole kwa yaliyokukuta. Sisi tupo.

Kusaini hujasaini, lakini kuja pia hujasema. Kama unakuja, andika tarehe. Kama huji, niambie hivyo hivyo, nitazoea. Ila habari za wanyama usinipe tena.

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Habari za huko kwa rafiki yako? Umelala? Leo siku ya sita tangu uondoke, na sisi huku salama.

Kumgeuza mama nimeshajua. Mara ya kwanza alinizaba kofi, kumbe nimeubana ule mkono unaouma. Uji wangu anaunywa, ingawa ananuna. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua nina mgongo, na wewe hukuwahi kuniandikia hilo. Usiharakishe kurudi.

Hanitambui, dada. Kutwa nzima ananiita kwa jina lako. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Sasa naitika tu.

Mdogo wako