Kompyuta Mpya Inayotambaa

Arilje, 9 Aprili

Mwanangu Uglješa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika, na hayo umeyazoea. Hujambo wewe? Mkeo Neda hajambo? Na mjukuu wangu Vukan?

Kompyuta mliyoniletea imefika. Nzuri, nyeusi, inang'aa. Ila, mwanangu, inatambaa. Programu yangu ya R, ile ya takwimu ninayotabiria baridi, kwenye kompyuta ya zamani ilikuwa inamaliza hesabu nikiwa bado nakunywa kahawa. Hii mpya napika supu, nakula, naosha vyombo, yenyewe bado inahesabu. Rasiberi zimeanza kuchipua, na bonde zima linasubiri simu yangu kila jioni kujua kama wanyunyizie maji mashambani kuyakinga machipukizi. Nikichelewa, machipukizi yanaungua kwa barafu.

Swali dogo tu, usikasirike: nani aliyeinunua?

Mama yako

Novi Sad, 12 Aprili

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Sisi wazima, na Vukan ameota jino la pili.

Aliyeinunua ni Neda, tena aliichagua kipande kwa kipande pale dukani anakofanya kazi. Nakujua, mama. Swali lako si dogo. Wewe uliyefundisha takwimu hadi ukastaafu, pima kwanza ndipo uhukumu. Hakikisha R uliyoweka ni ya kompyuta hii, si ile uliyoihamisha kutoka kwa marehemu, kompyuta yako ya zamani. Zima mpango wa kubana umeme. Kisha endesha hesabu ndogo, halafu kubwa, uniambie inakwama wapi.

Mwanao

Arilje, 17 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi silali vizuri.

Nimepima. R ni mpya, umeme haubanwi. Hesabu ndogo inakwenda mbio. Kubwa inaanza mbio vilevile, halafu katikati inaanza kuhema, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Nakuuliza, kitu kipya huhema? Huyu ni mzee aliyepakwa rangi. Duka lile linanunua pia kompyuta zilizotumika. Neda mwenyewe aliniambia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala usiseme naitesa. Naitunza kama yai. Dirisha silifungui isije ikapigwa na upepo, na vumbi haliioni.

Juzi utabiri ulitoka kumekucha. Shamba la chini la binamu yako Radojka limeungua. Alikuja kunifokea, nikamweleza kompyuta imetoka mikononi mwa nani. Akasema, "Shangazi, yule mwanamke mimi nilimshuku tangu harusini."

Mama yako

Arilje, 24 Aprili

Uglješa,

Hujambo? Hujajibu. Kimya chako nakielewa: na wewe umeanza kuona.

Mama yako

Novi Sad, 28 Aprili

Mama,

Nakubusu mkono, ingawa leo kwa shida. Tu wazima wa mwili.

Maneno ya Radojka yalifika hapa kabla ya barua yako. Mama yake Neda aliyasikia sokoni: "Kumbe mwanao anamtupia mama mkwe wake mitumba ya dukani!" Neda alilia, mama. Amesema haji Arilje kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, wala Vukan hatamleta. Sikumbishia.

Halafu, ameshavaa koti, akageuka mlangoni akasema, "Hebu muulize mama yako kama ameivika kitambaa."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Umeivika, mama? Televisheni umeivika, redio umeivika, simu ya mezani tuliitafuta kwa kupapasa. Yale matundu ya juu ndiyo inayopumulia. Ikikosa hewa inapata joto, na ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua.

Ivue.

Mwanao

Arilje, 1 Mei

Neda,

Barua hii ni yako, si ya Uglješa. Natumaini u mzima, na mtoto analala.

Nimeivua. Vilikuwa vitambaa viwili nilivyofuma mwenyewe, na juu yake chombo cha maua. Hesabu ya bonde zima imekwisha upesi kuliko ilivyowahi kwisha maishani mwangu. Umenichagulia kompyuta nzuri sana. Nilikaa mbele yake nikaona aibu. Nilipima kila kitu isipokuwa mkono wangu mwenyewe, na wewe nilikuhukumu bila hata kukupima.

Nimekwenda kwa Radojka nikamwambia mbele ya majirani zake kwamba nilikosea. Alinuna. Hadithi ile alikuwa ameipenda.

Unajua kwetu slava haina mwaliko. Siku ya mtakatifu wa nyumba ikifika, anayekumbuka huja, asiyekuja haulizwi. Mama yangu hakumwalika mtu hadi anaingia kaburini, na mimi pia sijawahi. Leo nakualika. Ni tarehe sita, mchana, mkate ukishabarikiwa.

Usipokuja sitakulaumu. Mkate utakatwa. Na atakayeniuliza mkwe wangu yuko wapi, nitamjibu kwamba nilimfukuza mimi, kwa mdomo huu huu, na yeye hakunikosea kitu.

Mama mkwe wako,
Milesa